Kadi ya zamani ya NVIDIA kwenye kerneli mpya ya Linux: kuirudisha draiva ya 390 kazini

Umesasisha Linux, umewasha upya, na sasa skrini ni nyeusi na kistari kinapepesa pembeni. Au eneo-kazi limekuja, lakini kwa 1024x768, na video zinakatakata. Kama ndani ya kompyuta mna kadi ya NVIDIA ya kizazi cha Fermi (GeForce 400 na 500, GT 610, Quadro 600 na ndugu zake), mara nyingi chanzo ni kimoja: moduli ya draiva ya NVIDIA ya 390 (kipande chake kinachoingia ndani ya kerneli, kiini cha Linux) imeshindwa kujengwa kwa ajili ya kerneli mpya. Nouveau nayo, ile draiva huria ambayo ingeshika nafasi, ilishafungiwa siku ulipoweka draiva ya NVIDIA. Kadi imebaki bila mwenyewe. Haijaharibika, na usikimbilie kununua nyingine.

Kabla ya kugusa chochote, elewa kwa nini inatokea. Kerneli ya Linux ina ahadi nzito kwa programu za kawaida: iliyofanya kazi jana ifanye kazi na kesho. Ahadi hiyo haizihusu moduli. Ndani ya kerneli fanksheni hubadilishwa majina, hupunguziwa parameta au huondolewa kabisa, na anayebadilisha hurekebisha papo hapo draiva zote zilizomo katika msimbo wa kerneli. Draiva ya NVIDIA haimo. Ipo nje, na lazima mtu wa nje aifuatilie kila toleo. Tawi la 390 (mfululizo wa matoleo yanayoanza na namba hiyo) lilifungwa kwa 390.157, Novemba 2022, na tawi la 340, la kadi za zamani zaidi, lilifungwa kwa 340.108, Desemba 2019. Hakuna anayefuatilia tena kule kiwandani. Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni hii: chagua kerneli kwa kuifuata draiva. Kiraka, yaani marekebisho unayoyatia mwenyewe kwenye msimbo wa draiva, ni njia ya pili, kwa mwenye sababu ya kweli ya kutaka kerneli mpya.

Amri za hapa chini ni za Ubuntu 22.04, kwa sababu hazina yake ina kifurushi cha nvidia-driver-390.

Ijue kadi kwa jina la chipu, si jina la dukani

Majina ya dukani yanadanganya. GT 610 inaonekana kama ya kizazi cha 600, kumbe ni Fermi. GT 730 iliuzwa kwa chipu tofauti, nyingine Fermi na nyingine Kepler, ndani ya maboksi yanayofanana. Uliza mashine yenyewe:

lspci -nn | grep -Ei 'vga|3d'

Tazama herufi zinazotangulia mabano. Quadro 600, kadi inayokutwa sana kwenye HP Z400 na mashine nyingine za ofisi zilizotumika, huonekana hivi: GF108GL [Quadro 600] [10de:0df8]. Herufi GF maana yake Fermi, draiva ni 390. G8x, G9x na GT2xx (NVS 300 ni GT218) ni za 340. GK ni Kepler, draiva ni 470. GM na GP haziko katika habari hii. Bado zina draiva zinazofuata kerneli za karibuni.

Kama kadi yako ni ya 340, ushauri wangu ni mfupi: achana na draiva ya NVIDIA, tumia Nouveau. Umbali kati ya Desemba 2019 na kerneli za leo ni mrefu mno, na hata ukifaulu kuijenga utalazimika kuilazimisha seva ya X ya 21.1 (programu inayoonyesha eneo-kazi) iipokee kwa kuweka IgnoreABI, chaguo la kuiambia isijali kutolingana kwa matoleo. Namna ya kurudi Nouveau iko karibu na mwisho.

Ingia kwanza kwenye mashine

Shikilia Shift wakati kompyuta inawaka (kwenye UEFI bonyeza Esc) mpaka ije menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha. Ingia Advanced options, chagua kerneli ya zamani iliyokuwa inafanya kazi. Ikiwa hakuna, bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na neno linux, mwishoni ongeza nomodeset, kisha F10. Hii ni ya kuingilia tu. Usiiandike kwenye mipangilio ya kudumu, maana itaizuia Nouveau siku utakapoihitaji.

Ukishaingia:

uname -r
dkms status
ls -l /lib/modules/$(uname -r)/build

Ya mwisho inaonyesha kama vichwa vya kerneli, yaani faili zinazohitajika kujengea moduli, vipo. Ikileta kiungo kilichokatika au ikisema hakuna faili, basi pengine tatizo lako lote ni hilo: vichwa havikupakuliwa pamoja na kerneli. Weka kifurushi cha linux-headers chenye namba ileile kabisa ya kerneli yako, na DKMS, programu inayojenga moduli upya kwa kila kerneli, itajenga yenyewe. Kwa anayenunua intaneti kwa bando, vichwa ni mzigo mdogo ukilinganisha na kerneli nzima, kwa hiyo anza hapa kabla ya kupakua kingine chochote.

Soma logi, na usome kosa la kwanza

grep -n -m5 -E 'error|ERROR' /var/lib/dkms/nvidia/390.157/build/make.log

Watu husoma mstari wa mwisho, unaosema tu kwamba make imeshindwa. Huo hausaidii. Kosa la kwanza ndilo lenye habari. Yaliyofuata mengi ni watoto wake. Haya ndiyo yanayokutwa sana.

*unrecognized command-line option '-ftrivial-auto-var-init=zero'*. Hapa draiva haina kosa. Kerneli ilijengwa kwa kompaila ya GCC 12, nawe una GCC 11, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye Ubuntu 22.04. Hutokea pale mfumo unapokupa kerneli za HWE (kerneli mpya zaidi ambazo Ubuntu hutoa kwa ajili ya vifaa vipya) kama 6.5 au 6.8. Thibitisha kwa cat /proc/version, kisha sudo apt install gcc-12 na ujenge tena.

*assignment of read-only member 'vm_flags'*. Tangu kerneli 6.3 huruhusiwi kuandika moja kwa moja kwenye vm_flags. Lazima upitie vm_flags_set na vm_flags_clear.

*too many arguments to function 'class_create'*. Kerneli 6.4 iliondoa parameta ya kwanza, THIS_MODULE.

*too many arguments to function 'get_user_pages'*. Kerneli 6.5 iliondoa parameta ya mwisho, vmas, na pin_user_pages nayo ikafuata.

*implicit declaration of function*. Jina limebadilika au limeondolewa. PDE_DATA iliandikwa kwa herufi kubwa mpaka 5.16, kuanzia 5.17 ni pde_data. ioremap_nocache iliondoka 5.6.

*incompatible pointer type*. Hili lichukulie kwa uzito kuliko yote. Kerneli 5.6, kwa mfano, iliacha kupokea file_operations kwenye proc_create na kutaka proc_ops. Zamani kompaila ilitoa onyo tu. GCC 14, ya Mei 2024, imeligeuza kuwa kosa. Ndiyo maana msimbo uleule, kwenye kerneli ileile, unaweza kukataa kujengwa baada ya kubadilisha kompaila peke yake. Utashauriwa kulizima kwa -Wno-incompatible-pointer-types. Moduli itajengwa, ndiyo. Lakini kerneli itasoma anwani za fanksheni kutoka mahali pasipo pake, na siku faili ile ya /proc itakapofunguliwa mashine itaganda. Rekebisha kielekezi, usinyamazishe onyo.

*GPL-incompatible module nvidia.ko uses GPL-only symbol '__rcu_read_lock'*. Hapa msimbo ni sahihi ila leseni imekataa: kerneli hairuhusu moduli isiyo ya GPL (leseni huria ya kerneli yenyewe) kutumia simboli hiyo. Februari 2024 kosa hili lilizuka kwenye Debian 12.5, iliyokuja na kerneli 6.1.76, na vilevile kwenye 6.6.15 na 6.7.3. Draiva haikuwa imeita fanksheni hiyo. Iliita pfn_valid, ambayo ndani yake ilikuwa imeongezwa rcu_read_lock. Debian waliliponya kwa kuweka ndani ya draiva nakala ya pfn_valid isiyo na wito huo, wakaiita nv_pfn_valid. Baadaye kerneli yenyewe ikabadilishwa. Kuna wanaoandika GPL kwenye MODULE_LICENSE ili mlango ufunguke. Ni kusema uongo juu ya leseni ya msimbo wa mtu mwingine, na hutaweza kumgawia mwenzako moduli hiyo kihalali. Usifanye.

Kisa hicho cha 6.1.76 kina somo jingine: 6.1 ni kerneli ya muda mrefu, na bado sasisho la usalama ndani ya tawi lilelile lilivunja draiva. Basi kila mara bakiza mashineni kerneli moja nyuma iliyothibitika. Usiruhusu apt autoremove ikufagilie kabla hujawasha ile mpya na kuona picha.

Njia ya kwanza: rudi kwenye kerneli 5.15

Ubuntu 22.04 ilianza na 5.15, na Canonical wanaitilia kerneli hiyo viraka vya usalama hadi 2027. Draiva ya 390 inajengeka juu yake bila ugomvi. Kwa watu wengi kazi inaishia hapa.

sudo apt install linux-generic
sudo apt remove linux-generic-hwe-22.04 linux-image-generic-hwe-22.04 linux-headers-generic-hwe-22.04

Amri ya pili inaondoa vifurushi vinavyovuta kerneli mpya kila inapotoka. Zile picha za kerneli zilizokwisha kuwekwa zinabaki. Na hapa ndipo wengi wanapokwama: GRUB huchagua namba kubwa zaidi. Ukiwa na 5.15 na 6.8 pamoja, itawasha 6.8 kila asubuhi, na utadhani 5.15 haikusaidia. Washa upya, ingia 5.15 kupitia Advanced options, hakikisha kwa uname -r, kisha orodhesha:

dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii

Ondoa kwa apt purge kila linux-image inayoanza na 6. Usifanye hivyo ukiwa umeingia kwenye kerneli hiyohiyo.

Usitumie apt-mark hold kuigandisha 5.15 kwenye namba moja. Unachotaka ni kubaki kwenye tawi, huku viraka vya usalama vikiendelea kuingia.

Halafu:

sudo apt install --reinstall nvidia-driver-390 nvidia-dkms-390
dkms status

Ukiona nvidia/390.157 na mwishoni installed mbele ya namba ya kerneli yako, ruka hadi sehemu ya kujaribu.

Njia ya pili: tia kiraka

Sababu za kweli zipo: kadi ya Wi-Fi au ubao mama ambao 5.15 haiutambui, kwa mfano. Kabla ya kuandika kiraka chako, tazama kama wasambazaji wa mfumo wako walishatoa toleo la kifurushi lenye viraka vipya. Namba ya draiva inabaki 390.157 lakini mkia wake hubadilika.

Usihariri msimbo ndani ya /usr/src moja kwa moja. Sasisho lijalo la kifurushi litafuta kazi yako bila kukuuliza. Tengeneza nakala mbili:

mkdir ~/kiraka && cd ~/kiraka
cp -a /usr/src/nvidia-390.157 a

Simama hapo kidogo. Fungua a/dkms.conf utazame mistari ya PATCH. Viraka vya wasambazaji hutiwa wakati wa ujenzi, havimo tayari ndani ya /usr/src. Kiraka chako kitakuja baada yao, kwa hiyo lazima uandike juu ya msimbo uliokwisha kutiwa. Vitie kwanza ndani ya a, kwa mpangilio wa namba zao, kila kimoja kwa patch -p1. Asiyefanya hivi hukutana na ujumbe wa Hunk FAILED na hubaki anashangaa, maana kwenye nakala yake kila kitu kilikubali.

cp -a a b

Sasa hariri b. Kosa la vm_flags liko hasa kwenye nvidia/nv-mmap.c. Badala ya vma->vm_flags |= VM_IO; andika:

#if LINUX_VERSION_CODE >= KERNEL_VERSION(6,3,0)
    vm_flags_set(vma, VM_IO);
#else
    vma->vm_flags |= VM_IO;
#endif

Palipo na &= ~ tumia vm_flags_clear. Hakikisha faili inaingiza linux/version.h. Ya get_user_pages utaishughulikia kwenye common/inc/nv-mm.h: draiva imeifunga ndani ya NV_GET_USER_PAGES, basi rekebisha kifuniko hicho kimoja na waitaji wote watapona pamoja.

Tahadhari kuhusu sharti la namba ya toleo: kwenye kerneli za Ubuntu na Debian linatosha, lakini RHEL na ndugu zake hurudisha nyuma mabadiliko ya matoleo mapya. RHEL 9 inajitambulisha kama 5.14, ilhali mifumo yake ya picha imetoka kwenye kerneli za baadaye. Huko tumia conftest.sh iliyomo kwenye msimbo wa draiva, inayokagua kama fanksheni ipo kweli badala ya kuamini namba.

Ukimaliza:

diff -Naur a b > kerneli-mpya.patch
sudo mkdir -p /usr/src/nvidia-390.157/patches
sudo cp kerneli-mpya.patch /usr/src/nvidia-390.157/patches/

Kwenye /usr/src/nvidia-390.157/dkms.conf ongeza mstari wa PATCH wenye namba inayofuata ya mwisho iliyopo. Kama ya mwisho ni 6:

PATCH[7]="kerneli-mpya.patch"

Ukitumia namba iliyopo tayari utakuwa umekifuta kiraka cha mwenzako. Kisha jenga, ukitaja kerneli unayoilenga, si lazima iwe ile uliyoingilia:

sudo dkms build -m nvidia -v 390.157 -k 6.8.0-NAMBA-generic
sudo dkms install -m nvidia -v 390.157 -k 6.8.0-NAMBA-generic

Kosa likihama kwenda faili nyingine, umesonga mbele. Rudia. Kutoka 5.15 hadi 6.8 tegemea mizunguko kadhaa. Ikiwa makosa yaliyobaki yote yamo ndani ya nvidia-drm au nvidia-uvm, jiulize kama unazihitaji: X huwaka kwa nvidia na nvidia-modeset peke yake. Nvidia-uvm ni ya CUDA, yaani hesabu zinazofanywa na kadi; nvidia-drm ni ya kompyuta zenye kadi mbili zinazoshirikiana. Kisakinishi cha NVIDIA chenyewe, ile faili ya .run, kina --no-drm na --no-unified-memory kwa ajili hiyo.

Mwisho, hifadhi kiraka nje ya /usr/src, na zuia kifurushi kisibadilike chini yake: sudo apt-mark hold nvidia-dkms-390.

Jaribu bila picha kwanza

Kwenye GRUB bonyeza e na uongeze systemd.unit=multi-user.target. Utaingia kwenye maandishi matupu, ambako kosa husomeka badala ya kufichwa na skrini nyeusi.

sudo modprobe nvidia
sudo dmesg | grep -iE 'nvrm|nvidia'
cat /proc/driver/nvidia/version

Ikijibu Key was rejected by service, Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka unaodai sahihi) imekataa moduli isiyosainiwa. Angalia kwa mokutil --sb-state, kisha sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, weka nenosiri la muda, washa upya na ulithibitishe kwenye skrini ya bluu. Mashine nyingi za enzi ya Fermi hazina Secure Boot kabisa.

Ikisema API mismatch, moduli ni ya toleo moja na maktaba ni za jingine. Tafuta mabaki kwa dpkg -l | grep nvidia, safisha, weka upya toleo moja.

Ikikubali kimya, sudo systemctl isolate graphical.target. Hapa kuna mtego wa mwisho: draiva ya 390 haina GBM, iliyoanza kwenye 495, kwa hiyo usitegemee Wayland, mfumo mpya wa picha unaochukua nafasi ya X. Chagua kikao cha Xorg, au kwenye /etc/gdm3/custom.conf weka WaylandEnable=false. Kwa kuwa GNOME inaondoka kwenye X hatua kwa hatua, XFCE au MATE zitakufaa zaidi kwa kadi hii.

Kisha, baada ya kuweka mesa-utils:

glxinfo -B | grep renderer

Ukiona jina la kadi yako, umefika. Ukiona llvmpipe, picha zinachorwa na prosesa na kadi imekaa bure, hata kama eneo-kazi linaonekana zuri.

Programu za biti 32 (michezo ya zamani kupitia Wine ndiyo mfano wa kawaida) zinahitaji maktaba zao wenyewe:

sudo dpkg --add-architecture i386 && sudo apt update
sudo apt install libnvidia-gl-390:i386

Bila hizo mchezo hukataa kufunguka au hutambaa, na mtu hulaumu kerneli iliyo salama.

Kurudi Nouveau

sudo apt purge 'nvidia-*' 'libnvidia-*'
grep -rl nouveau /etc/modprobe.d /lib/modprobe.d

Futa faili ya /etc/modprobe.d yenye blacklist nouveau iliyobaki, kisha sudo update-initramfs -u na uwashe upya. Renderer itasomeka NVC1 kwa GF108. Kwenye Fermi, Nouveau haiwezi kupandisha kasi ya chipu. Kadi hubaki kwenye kasi iliyowekwa na firmwea yake wakati wa kuwaka. Nyaraka, kivinjari na skrini mbili zinakwenda vizuri. Michezo na uhariri wa 3D hapana, na kwa hayo rudi kwenye 5.15 na 390.